Zege la Mama Pacing

Benchi letu liko mbele ya duka la Mama Pacing, pale barabara mpya ya zege inapopita kijijini kwetu, huku mkoani Isabela. Leo asubuhi nusu ya zege ilikuwa imefunikwa na mpunga wake. Ulivunwa mvuani, umeanza kuchipua, na ukilikosa jua la leo utaliwa na bata. Sisi tulikuwa tunakunywa kahawa yake ya mchele uliokaangwa, mara akatokea Diwani Bascon, shati limepigwa pasi, jasho linamtiririka.

— Mama Pacing, zoa mpunga! Gavana anakuja saa sita kukata utepe.

— Akate, — akajibu Mama Pacing, reki mkononi. — Kwani mimi nimemshika mkono?

— Barabara ni ya maendeleo, mama, si jamvi!

Redio, mwenzetu wa benchi ambaye habari huzipata kabla hazijatokea, akaweka kikombe chini.

— Nyie hamjui kitu. Wanataka peupe ili ndege ya gavana itue.

— Ndege gani, wewe? — akadakia Injinia, aliyebeba zege siku mbili akaondoka na jina. — Wakishakata utepe wataikunja hii barabara kama mkeka, waipeleke kijiji cha pili ikazinduliwe tena.

— Na utepe ule ule! — akaongeza Redio.

— Na hotuba ile ile!

— Chekeni tu, — Diwani akafoka. — Naita polisi waje wauzoe.

— Waite, na magunia waje nayo! — Mama Pacing akamsogelea. — Niliomba sakafu ya kuanikia, bwana diwani. Ukaniambia nisubiri maendeleo. Haya yamefika, nayaanikia.

Hapo hata mimi, ambaye huwa sina neno, nikainuka. Nikaenda kusimama kando ya mpunga. Redio na Injinia wakanifuata na vikombe vyao.

Ikaja gari ndogo nyeupe. Binti mmoja akatoa kichwa dirishani.

— Shikamooni. Nimetangulia kumkagulia gavana njia. Eti, barabara hii inakwenda wapi?

Sote tukamgeukia Diwani. Ukipita duka, zege linakata mashamba mpaka mtoni, basi, linaishia majini. Daraja alituahidi gavana huyu, na kabla yake alituahidi baba yake. Diwani akanyoosha kidole kuelekea mtoni.

Binti akatazama huko mbele, akatazama mpunga. Akarudisha gari kinyumenyume polepole, bila kukanyaga hata punje.

Injinia akanyoosha kikombe.

— Mama, niongeze.

— Imekwisha. Na hiyo kahawa mnadhani inatoka wapi? Anayetaka nyingine ashike reki.

— Hata mimi? — Diwani akauliza.

— Wewe vua viatu kwanza.

Ilipofika saa sita, gavana hajatokea, na sisi tulikuwa tumeanika hadi kwenye ile nusu ya pili ya zege.