Siku ya Kumuaga Mama Upawa

Mheshimiwa Diwani, uliyekataa kile kiti chenye mto tulichokuandalia ukakaa kwenye benchi kama sisi, Mwenyekiti wa Kamati ya Jiko la Msimu wa Baridi, wazee wetu wa mtaa, ndugu waalikwa, mtunza stoo na wenzako mlioajiriwa hapa, ndugu zangu wa kujitolea, kuanzia wamenya viazi hadi waosha masufuria, na ninyi mliokuja kula miezi yote hii, ambao kwa haki mngetajwa wa kwanza, maana bila ninyi sisi wengine tungekuwa kundi la watu wanaopika supu na kutazamana: nawasalimu nyote, na nawapa pole kwa baridi iliyokwisha.

Nimepewa dakika kumi. Mwenyekiti amenionyesha saa yake mara mbili kabla sijasimama. Na mama yangu, yule pale safu ya pili mwenye kilemba cha bluu, amenionya tangu asubuhi: "Useme ukweli, lakini usiniaibishe." Mheshimiwa, mambo hayo mawili kuyafanya kwa pamoja ni kazi, ila nitajitahidi.

Leo tunafunga msimu. Jiko limezimwa, na sufuria kubwa limesuguliwa hadi mtu anaweza kujitazama humo akachana nywele. Tangu baridi ilipoingia, siku sita kwa wiki, watu mia mbili na zaidi wamepata hapa supu ya moto na kipande cha mkate. Lakini leo pia tunamuaga msimamizi wa jiko, ambaye tumezoea kumwita Mama Upawa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila upawa mkononi. Baada ya misimu tisa anahamia kwa binti yake, aliyejifungua mapacha na anayehitaji mikono ya ziada. Wengine watamsifu kwa mapishi yake, na wana haki. Mimi nimeomba kusimama kwa sababu nyingine. Nataka kueleza jinsi alivyonirudishia mama yangu, wakati mimi mwenyewe nilikuwa sijui kama nimempoteza.

Mnanijua. Mimi ni fundi cherehani, duka langu ni lile lenye mlango wa kijani, mitaa miwili kutoka hapa. Baba yangu alifariki mwaka juzi, na mama akaja kukaa nasi. Tulimpa chumba chenye dirisha linaloingiza jua, godoro jipya, redio. Kila asubuhi mimi na mke wangu, ambaye ni muuguzi na zamu zake hazina huruma, tulimwekea chakula kwenye kabati, kimefunikwa vizuri, kisha kila mtu akashika njia yake. Jioni nikifungua kabati nakuta sahani tupu, imeoshwa na kukaushwa. Nami najipongeza moyoni: mama ameshiba, mwana nimetimiza wajibu. Ni nani angenilaumu?

Basi siku moja, mwezi wa pili wa baridi, kinyozi jirani yangu akaingia dukani. Yupo hapa, anajificha nyuma ya ile nguzo.

Akaniuliza, "Fundi, nyumbani mambo yanakwenda?"

Nikamjibu, "Yanakwenda. Kwa nini?"

"Hapana, nimeuliza tu."

Ndugu waalikwa, kinyozi akisema ameuliza tu, jua hajauliza tu. Nikasimamisha cherehani. "Hebu sema."

"Nimemwona mama kwenye foleni ya supu," akasema. "Na si mara moja."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikuwaza mama yangu ana shida gani. Nisiwafiche, sikumuwaza kabisa. Niliwaza watu watasema nini: fundi anashona suti za maharusi, na mama yake anapanga foleni ya chakula cha msaada. Kesho yake saa sita nikavaa koti langu la heshima, nikafunga duka, nikaja hapa kumchukua.

Wengi wenu mlikuwepo. Alikuwa amekaa pale kwenye meza ya kati, kati ya mpagazi wa sokoni na mwalimu mstaafu, bakuli mbele yake, anacheka. Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia tangu tulipomzika baba. Mtu mwenye akili angesimama akakisikiliza. Mimi nilikwenda moja kwa moja hadi mezani.

"Mama, twende nyumbani."

"Nyumbani kufanya nini? Supu yangu bado ya moto."

"Nyumbani kuna chakula."

"Kipo," akasema mama taratibu. "Ila nikikila tunaangaliana na kabati."

Mpagazi akainamia bakuli lake asicheke. Nami nikapandisha sauti. Nikasema mama huyu ana mtoto, ana kwao, si wa kula chakula cha kupewa. Ndugu zangu mliokuwa mmekaa siku ile mnakula, maneno hayo yaliwapiga ninyi kuliko yalivyompiga mama, na leo mbele ya Mheshimiwa Diwani nawaomba radhi.

Ndipo Mama Upawa akatoka jikoni, upawa mkononi, mvuke unamfuata nyuma.

"Fundi," akaniambia, "unakula au unazuia njia?"

Nikamwambia, "Mama, huyu ni mzazi wangu. Hana shida."

"Hapa hatumwulizi mtu ana shida gani. Tunamwuliza kama amenawa mikono. Wewe umenawa?"

Sikuwa nimenawa, na sikutaka kunawa. Nilimshika mama mkono nikaondoka naye. Hakubishana. Alifunika bakuli lake kwa sahani, akamwambia mwalimu, "Nitunzie nafasi," tukatoka.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu ndipo penye uzito. Nilishinda. Kwa siku nane mama hakutoka nyumbani. Alikaa dirishani, redio imezimwa. Sahani nilizikuta zimejaa. Mke wangu alimpima presha, joto, kila kinachopimika, akaniambia, "Mgonjwa si mgonjwa, lakini anaisha." Hapo ndipo nikajua pia kwamba zile sahani tupu za mwanzo zilikuwa na siri yake: chakula chetu mama alikuwa anampelekea mlinzi wa jengo letu. Nilikuwa nikishangaa jinsi yule bwana alivyonawiri.

Usiku nilikuwa nasema nitazungumza naye kesho. Kesho ikifika nashona. Mnajua woga wa mtu mzima ulivyo. Huwa unajificha kwenye kazi.

Siku ya tisa mlango wangu wa kijani ukafunguliwa, akaingia Mama Upawa na mfuko wa aproni. Mimi nikajiandaa kwa vita. Yeye akazimwaga juu ya meza yangu, kumi na mbili, kamba zimekatika, mifuko inaning'inia.

"Fundi, unaweza kuzishona hizi?"

"Naweza."

"Lini?"

"Keshokutwa."

"Vizuri." Akaelekea mlangoni. Sikuamini kama nimenusurika. Kisha akageuka, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo. "Mkuu wetu wa maharagwe yuko wapi? Tangu aache kuja tunatafuna mawe. Mwalimu amevunjika jino."

Nikamwuliza, "Mkuu gani wa maharagwe?"

Akanitazama sana. Halafu akavuta kiti akakaa, akanieleza. Mama yangu alikuwa haji saa sita. Alikuwa anafika saa tatu asubuhi kila siku, anafunga kitambaa, anakaa kwenye meza ya kuchambua maharagwe na kina mama wengine wanne na yule mpagazi. Yeye ndiye aliyewapanga nani amwage, nani achambue, nani aoshe. Hakuna jiwe lililompita. Supu ile ya mchana ilikuwa chakula cha mtu aliyemaliza kazi yake.

"Hakukuambia?" Mama Upawa akauliza.

"Hapana."

"Ulimwuliza?"

Mheshimiwa, nimeulizwa maswali mengi maishani na wateja wenye hasira, lakini hilo lilinichoma kuliko sindano. Nikavuta aproni ya kwanza nikaanza kutunga uzi. Mama Upawa hakunisuta wala hakunihubiria. Alisema tu, "Aproni keshokutwa," akaenda zake. Nilizimaliza jioni ileile.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama pale dirishani. Nikakaa chini, sakafuni, maana kwenye kiti nilijiona mrefu mno. Nikamwambia, "Mama, nimekukosea. Sikukuuliza."

Akageuka kutoka dirishani. Kisha akasema, "Baba yako alipokuwepo, kila siku kulikuwa na mtu wa kuniuliza chumvi iko wapi. Anajua ilipo, lakini anauliza. Hapa kwako kila kitu kinajulikana kilipo." Akanishika kichwa, mimi mzee wa miaka arobaini na saba, akaongeza, "Mwalimu kweli amevunjika jino?"

"Ndiyo."

"Nilimwambia anitunzie nafasi, hakuweza kutunza hata meno."

Asubuhi tulikuja pamoja, yeye mbele, mimi nyuma na mfuko wa aproni. Kina mama wa maharagwe walisimama wote. Mimi nilidhani nitapokea shukrani kwa ushonaji. Mama Upawa alikagua mshono mmoja mmoja, akachagua aproni moja, akanivalisha mwenyewe, akanionyesha gunia la vitunguu. "Umenawa?" Safari hii nilikuwa nimenawa.

Tangu siku hiyo nafungua duka saa saba mchana. Wateja walinung'unika wiki ya kwanza. Wiki ya pili wawili wao walikuwa wanamenya viazi hapa.

Sitawachosha na yote, lakini kuna siku moja lazima niitaje. Ni ile Alhamisi ya mvua kubwa, Mama Upawa alipolala na homa. Tulifika asubuhi tukakuta jiko limepoa, na sisi watu ishirini na tano tumesimama, kila mmoja anamwuliza mwenzake maji yanapimwaje. Mtunza stoo alikuwa na funguo na magunia, lakini akakiri kwamba hajawahi kupika hata chai. Nje watu walishaanza kujipanga, wamejifunika mifuko ya nailoni. Nani aliyetarajia kwamba siku ile mtu angekula?

Mama yangu akainuka kutoka meza ya maharagwe. Akanawa, akauchukua upawa pale ulipotundikwa. Yule aliyekaa dirishani siku nane bila kusema neno akaanza kutoa amri. "Mwalimu, moto. Mpagazi, lete sufuria kubwa, na usiliburute. Fundi, vitunguu, na usianze kulia kabla hujavikata." Supu ilichelewa dakika ishirini. Walikula watu mia mbili na kumi na wanne, na wa mwisho alikuta bado ya moto.

Mimi nilitumwa kumpelekea mgonjwa bakuli lake. Mama Upawa aliinuka kitandani, akaonja, akafumba macho. "Chumvi imezidi," akasema. Akaonja tena. "Mwambie mama yako kesho awahi, nimfundishe kipimo changu." Na kipimo hicho, ndugu waalikwa, kwa misimu tisa alikuwa hajampa mtu yeyote, si Kamati wala jirani yake wa mlango kwa mlango.

Mwenyekiti, utanisamehe, najua ulitaka kulitangaza mwenyewe, lakini dakika zangu bado mbili. Msimu ujao jiko hili litashikwa na mtunza stoo kwa magunia na funguo, na kwa sufuria litashikwa na mama yangu, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Amekubali kwa sharti kwamba fundi asipewe upendeleo. Sharti hilo limepokewa kwa makofi mengi kuliko nilivyotarajia.

Mama Upawa, naomba usimame. Nakuona unatafuta pa kushika, mkono hauna kitu leo. Misimu tisa umesimama kando ya moto, hukuwahi kuhitaji koti. Huko uendako tunaambiwa upepo ni mkali, na mapacha wanapenda kubebwa nje. Kwa hiyo tumekushonea hili. Kitambaa nilikikata mimi, lakini kushona hawakuniachia. Kila aliyepika hapa na kila aliyekula hapa, aliyetaka, alipita dukani kwangu akashona kidogo kwa mkono wake. Mpagazi ameshona mfuko wa kushoto, na ndio maana unatazama juu. Mwalimu ameshona kola mara tatu. Mheshimiwa Diwani ameshona kifungo kimoja, na amejichoma mara mbili. Pindo lote la chini ni la watu ambao siku ile niliwapandishia sauti. Walikuja mmoja mmoja, wakanawa mikono kwanza, hakuna niliyemwambia. Mimi kama fundi nimekesha nikijizuia nisifumue mshono hata mmoja.

Livae, mama, tukuone. Mikono ni mirefu kidogo, uikunje.

Nawashukuru nyote mlionipa masikio yenu mchana huu. Karibuni tumvalishe.