Gari la Kumpokea Fundi Viatu

Benchi letu lipo kwenye baraza ya duka langu la ushonaji, na kwa sababu hiyo mimi hujiona mwenyekiti, ingawa hakuna aliyewahi kunichagua. Kulia kwangu hukaa Kona, dereva teksi mstaafu anayejua uwanja wa ndege mpaka kwenye mlango wa vioo, maana humo ndani hajawahi kuingia. Kushoto hukaa Itifaki, aliyepeleka majalada ofisini miaka mingi na kuambukizwa ukubwa wa wale aliokuwa akiwapelekea. Mkasi, kinyozi, hukaa pembeni ili amwone mteja akija, na mteja akija humwambia asubiri. Mbele yetu, kwenye kigoda chake, hukaa Fundi Viatu akigonga soli. Tuna sheria moja tu: mwenye shida ananunua kahawa ya wote, anaitaja shida yake kwa sentensi moja, kisha ananyamaza mpaka tumalize kumshauri. Tuliitunga baada ya kugundua kwamba wenye shida wakiachiwa wanaongea sana na kutuharibia ushauri. Asubuhi hiyo mwenye shida alikuwa Fundi Viatu. Alikuwa anajiandaa kusafiri kwenda kwa binti yake, ughaibuni, kumwona mjukuu.

Fundi Viatu: Jamani, binti yangu ameniuliza habari za gari la kunichukua uwanja wa ndege nikifika, ila mimi...

Kona: Inatosha! Sentensi imekwisha. Simu iko wapi?

Fundi Viatu akamtazama, akanitazama na mimi mwenyekiti. Mimi nikamwonesha kikombe, maana yake sheria ni sheria. Akatoa simu, akampa Mkasi mwenye macho mazima, akajaza misumari mdomoni na kurudi kwenye kiatu chake. Kwenye simu binti alikuwa ametuma ukurasa wa kampuni ya magari ya kupokea wageni. Kulikuwa na picha ya dereva kavaa suti, kashika kibao chenye jina la mgeni, kacheka mpaka gego la mwisho.

Kona: Huyo simwamini. Dereva wa kweli hacheki akiwa anasubiri. Mimi nimesubiri abiria maisha yangu yote, sijacheka hata siku moja.

Mkasi: Na ndiyo maana walikuwa wanapanda kwa mwenzako.

Kona: Cheka tu. Ndege inaweza kuchelewa, dereva hasubiri. Anaondoka zake, anakuja mwingine anaokota kibao, anakipandisha juu, na mzee wa watu anamfuata kama kifaranga.

Mimi: Hapa wameandika kwamba dereva anafuatilia ndege. Ikichelewa, naye anachelewa.

Kona: Anaifuatiliaje? Yeye yuko chini, ndege iko juu!

Hapo sote tuliangalia juu, tukijaribu kumwona dereva akifuata ndege. Mimi ndiye niliyetakiwa kujua. Kijiweni naheshimika kwa mambo ya anga kwa sababu niliwahi kupunguza suruali ya rubani. Alisema mwenyewe kwamba ni rubani, na mimi sikumwomba cheti.

Mimi: Nadhani wanawasiliana. Rubani anapiga simu kabla ya kushuka.

Itifaki: Bila shaka. Itifaki ya anga hiyo.

Mkasi: Wanauliza aina ya gari. Dogo, la wastani au la kifahari?

Itifaki: La kifahari. Mtu haendi kwa mkwe wake na gari dogo. Mkwe anachungulia dirishani, anaona kigari kinaingia, heshima imekwisha kabla hajafungua mlango.

Kona: La kifahari litamtia matatani! Anashuka mtu na kibegi cha kushona nyumbani, anaingia gari la waziri. Lazima wamsimamishe wamuulize.

Kibegi hicho nilikishona mimi, kwa hiyo sikupendezwa. Nilikishona cha turubai, mishono miwili miwili, kwa sababu ya kilichokuwa kinaingia humo: viatu vya mjukuu. Fundi Viatu hakujua mtoto ana mguu wa ukubwa gani, akatengeneza vya kutambaa, vya kusimama, vya shule, mpaka na pea moja ambayo hata mimi inanitosha. Kwa hiyo swali la mizigo lilipofika tulilipa uzito wake.

Mkasi: Mizigo mingapi?

Mimi: Mmoja. Ila ni mmoja wa kweli.

Itifaki: Andika mitatu. Ukiandika mmoja wanakuona huna kwenu.

Mkasi: Nimeandika. Wanauliza, mnahitaji kiti cha mtoto?

Kona: Ni bure?

Mkasi: Wameandika bure.

Kona: Weka viwili.

Fundi Viatu aligonga msumari kwa nguvu mpaka kopo la gundi likaruka. Tulidhani ni furaha. Mtu akishauriwa vizuri huchapa kazi.

Ndipo alipokuja yule mama. Hakuwa mtu wa kijiwe chetu. Alikuja akichechemea, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, kamba imekatika. Fundi Viatu akaipokea bila kusema neno, akamwonesha ukingo wa baraza. Mama akakaa, mguu mtupu juu ya mwingine, na akawa hana la kufanya ila kutusikiliza. Na sisi tukipata msikilizaji mpya hatujizuii.

Itifaki: Sasa, jambo kubwa. Kibao. Jina lake liandikweje?

Kona: Liandikwe lilivyo kwenye pasipoti, yaishe.

Itifaki: Hapana, ndugu yangu. Kule jina tupu halimfungulii mtu mlango. Weka cheo. “Mheshimiwa Mkurugenzi wa Viatu.”

Mkasi: Nafasi haitoshi. Imeishia “Mheshimiwa Mkurugenzi wa Vi”.

Itifaki: Inatosha. Waache wajiulize.

Kona: Na akae kiti gani? Mimi nasema mbele. Ukikaa nyuma dereva anajiona mtumwa, anakuzungusha makusudi.

Itifaki: Nyuma, upande ulio mbali na dereva. Hapo ndipo wakubwa wote hukaa. Mimi nimewafungulia milango, najua.

Mkasi: Akae nyuma katikati. Mambo yakiharibika anachagua mlango.

Mimi: Yaharibike vipi?

Mkasi: Mwenyekiti, wewe umelala. Hujasikia walivyoandika? Gari lina ubaridi mzuri, kiti kinapashwa moto, muziki wa taratibu. Unadhani kwa nini? Ili usinzie! Ukisinzia tu, umevushwa mpaka. Unaamka uko nchi ya pili, na visa yako ni ya nchi ya kwanza.

Kona: Hapo umenena. Na huko mipaka haina hata geti. Unavuka kama unavuka barabara.

Itifaki: Basi asilale. Awe anamsemesha dereva.

Mkasi: Kwa lugha gani?

Itifaki: Awe anakohoa. Mtu anayekohoa hakuna asiyejua kwamba yuko macho.

Tukakubaliana kwa kauli moja kwamba Fundi Viatu atakohoa kutoka uwanja wa ndege mpaka kwa binti yake. Nakiri nami niliunga mkono, tena niliongeza kwamba abadilishe namna ya kukohoa ili dereva asiizoee. Ndivyo tulivyo. Wanne sisi, hakuna hata mmoja aliyewahi kufunga mkanda wa ndege, na tulikuwa tumebakiza kubonyeza kitufe kimoja tu.

Mkasi: Wanasema, “Thibitisha.” Nibonyeze?

Yule Mama: Samahani kaka zangu. Naomba kuuliza.

Kona: Uliza, dada. Hapa hatunyimani maarifa.

Yule Mama: Huyu baba anakwenda kwa nani?

Itifaki: Kwa binti yake wa kumzaa.

Yule Mama: Huyo binti yupo? Hajasafiri?

Itifaki: Yupo.

Yule Mama: Gari hana?

Tukaangaliana. Hilo la gari la binti halikuwahi kuletwa mezani.

Fundi Viatu: Analo.

Alisema na misumari mdomoni, lakini alisikika. Ilikuwa mara ya kwanza sheria kuvunjwa, na hakuna aliyekumbuka kumkemea.

Yule Mama: Sasa kwa nini asiende kumpokea baba yake mwenyewe?

Fundi Viatu akaiweka ndala chini. Akatema misumari kiganjani mmoja mmoja, akaifuta kwa kitambaa.

Fundi Viatu: Ndicho nilichokuwa nataka kuwauliza, mkanikata. Mtoto aliniuliza juzi. “Baba, nikukodie gari, au nije mwenyewe? Chagua unachopenda.” Nikamwambia nitakujibu. Mpaka leo sijamjibu.

Mkasi: Kwa nini?

Fundi Viatu: Ana mtoto mchanga. Usiku halali, mchana yuko kazini. Nikimwambia aje nitakuwa nimemsumbua kabla hata sijafika. Gari la kukodi ndilo jibu la busara, najua. Lakini nataka aje yeye. Nikitoka kwenye huo mlango, kati ya watu wote wale nisiowajua, nataka nimwone yeye. Tangu aondoke hapa sijamwona. Nilitaka mniambie namna ya kumwambia bila kuonekana mzigo. Hilo tu.

Kahawa yake tulikuwa tumeinywa karibu yote. Nilijisikia vibaya, tena vibaya sana, lakini wataalamu hatukati tamaa haraka.

Itifaki: Hilo ni dogo. Mwandikie. “Kwa heshima na taadhima, rejea swali lako la juzi. Naomba kukujulisha kuwa...”

Kona: Ni binti yake, si halmashauri! Mwambie magari ya kukodi yamekwisha.

Mkasi: Ataona mwenyewe kwenye mtandao kwamba yapo. Mwambie mguu unakuuma, unahitaji mtu wa kukushika.

Kona: Atapata wasiwasi, atakuambia usisafiri kabisa.

Mimi: Mwambie kuhusu begi. Kwamba ni zito, na wewe humwamini dereva wa kukodi kulishika. Sema begi ndilo linalomhitaji.

Nililiona ni wazo zuri mpaka nilipomaliza kulisema. Fundi Viatu alinitazama kwa huruma, kama anavyotazama kiatu ambacho soli imekwisha na mwenyewe bado anakidai.

Yule Mama: Kwani kumwambia “njoo” kuna ugumu gani?

Hakuwa anatukejeli. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Alikuwa amekaa pale na mguu wake mtupu, anatuangalia mmoja mmoja, anasubiri jibu.

Kona akachungulia kikombe chake. Itifaki akarekebisha kola. Mkasi alijifanya anasoma kitu kwenye simu, na kioo cha simu kilikuwa kimezima zamani. Mimi nilitafuta jibu kwa kweli, nikalitafuta kwa bidii, kwa sababu ni aibu mwenyekiti kukosa neno mbele ya mgeni. Nilichokipata ni kwamba hata mimi sijui. Tunaweza kumwambia mtoto ale, asome, avae sweta, asalimie wakubwa. Kumwambia kwamba tunamhitaji hatukufundishwa, na hakuna kati yetu aliyewahi kujifundisha.

Yule Mama: Baba, simu yako hiyo. Mpigie.

Mkasi akamrudishia Fundi Viatu simu kwa mikono miwili. Aliifuta kwenye aproni, akabonyeza, akaiweka sauti ya nje kwa sababu hajui kuiondoa. Ikaita. Tukasogea wote mpaka benchi likainuka upande mmoja.

— Haloo, baba! Shikamoo.

— Marahaba, mama. Mmeamkaje?

— Hatujambo. Mjukuu wako kakesha anaimba. Huko salama?

— Salama. Mvua imenyesha kidogo. Mwenyekiti hajambo. Kona hajambo. Itifaki naye... hajambo.

— Nisalimie. Baba, umeamua? Wale wa gari wanataka jibu leo. Nikukodie au nije mwenyewe?

Fundi Viatu akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Macho yamemjaa maji.

— Baba? Upo? Nije?

Akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena, kwa nguvu zaidi, mara kwa mara, kidevu kikigonga kifua.

— Hakuoni! tukamnong'oneza. Sema, mzee, hakuoni!

Lakini hata sisi tuliokuwa tunamwambia aseme, tulikuwa tunaitikia kwa vichwa pamoja naye. Kona, Itifaki, Mkasi na mimi, watu wazima wanne, tunaikubalia simu kwa vichwa kana kwamba kichwa kimoja kikikosa nguvu vingine vitasaidia. Mama wa watu akatuangalia, akashika mdomo, akainama karibu na simu.

— Samahani dada, mimi ni mteja tu hapa. Baba yako anaitikia kwa kichwa. Wote wanaitikia.

Upande wa pili tukasikia binti anavuta pumzi, na mtoto analia kwa mbali.

— Baba. Nataka kukusikia wewe.

Fundi Viatu akaishika simu kwa mikono yote miwili, akaisogeza mdomoni.

— Njoo, mama, akasema. Njoo wewe.