Mafuta ya Mke Mwenzangu

Asalaam aleykum, ndugu zangu. Na wenzetu wa misheni, Tumsifu Yesu Kristo. Nyie vijana mliobaki na shikamoo mdomoni kwa sababu nimewahi kushika kipaza sauti, marahaba, nimeipokea.

Nimeona mlivyochekana nilipoingia. Akina mama wa turubai lile la pili, nimewaona vizuri kabisa. Mmeambiana, bibi huyu ameoga akasahau kujipaka mafuta, uso umempauka kama katoka mashineni kusaga. Chekeni tu, leo nimeruhusu. Habari ya uso huu nitaifikia.

Mimi ni mkulima wa huko juu, Matombo. Nalima ndizi, pilipili manga na mdalasini kidogo. Binti yangu anapika chakula cha kuuza mjini, Msamvu, karibu na stendi. Mimba yake ya kwanza ilipokua alikuja kujifungulia kwangu, kama tufanyavyo. Mtoto akatoka mweupe, nywele kama ndevu za hindi changa. Baba wa mtoto alipoona vile akaiona njia, akaenda zake. Hatukumfuata. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ukoo ulikuwepo.

Binti alirudi kazini, mtoto akabaki na mimi. Jina lake silitaji hapa, tukiwa wawili tunaitana mke mwenzangu. Marehemu mume wangu hakuwahi kuniletea mke wa pili, huyu ndiye nimeletewa na Mungu mwenyewe. Tunagombea kila kitu: kiti, ukoko wa wali, nafasi ya karibu na moto. Namwambia mume ni wangu hata akiwa kaburini, nilimkuta mimi. Ananijibu, ulimkuta wewe lakini anayependwa ni mimi.

Sasa ndugu zangu, nawaambia jambo mnalolijua. Sisi mtoto hatoki ndani bila mafuta. Mtoto akionekana kapauka, hawamsemi mtoto, wanamsema aliyemlea. Na mimi nina midomo yangu, lakini midomo ya wenzangu naiogopa. Kwa hiyo nilikuwa nakuna nazi, nachemsha tui mpaka mafuta yanajitenga, nampaka mke mwenzangu kuanzia utosini mpaka kwenye kisigino. Akitoka nje anang'aa. Wanawake wananisifu, bibi unajua kulea. Basi mimi kichwa kinavimba.

Jua likawa linamuunguza. Mabega yanakuwa mekundu, yanatoka malengelenge, analia akiguswa na nguo. Mimi nafanya nini? Naongeza mafuta. Nilijua mafuta yanapoza, ndivyo nilivyolelewa. Asubuhi nampaka tena, anarudi juani, anakwenda kijito cha nyuma ya nyumba. Hapo ndipo penye roho yake. Kuna visamaki vidogo vinasimama kwenye maji vikitazama juu mkondo unakotoka, na yeye anakaa kwenye jiwe anaviangalia, anavipigia hadithi. Ukimkosa nyumbani, yuko kwa samaki wake.

Kisha kikatoka kidonda kwenye sikio. Kidogo tu, cha gamba. Nikakitia dawa za majani, kinakauka, kinafunguka tena. Mama yake alipokuja kutusalimia akamshika lile sikio, machozi yakamtoka. Asubuhi tukateremka mjini wote watatu.

Daktari wa ngozi alikuwa binti mdogo, kaniamkia vizuri. Akaliangalia sikio kwa taa. Akaniuliza, "Bibi, mnampaka nini?" Nikamjibu kwa majivuno, mafuta ya nazi, nayatengeneza mwenyewe. Hakunicheka. Akasema, "Mafuta hayo ni mazuri ya usiku, bibi. Lakini jua hayalizuii. Huyu ngozi yake haina kinga, na hiki kidonda ni mwanzo wa saratani. Tumekiwahi. Jua likiendelea kumla, kitarudi, na kikirudi sitaweza kukuahidi kitu."

Jamani. Mimi niliyemlea kwa kumng'arisha. Nilikaa pale nikitazama mikono yangu, ile ile iliyokuwa ikimpaka.

Walikigandisha kile kidonda kwa dawa ya baridi kali, kikabanduka. Tukaambiwa kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kuzuia jua. Siku ile hospitali walikuwa wameishiwa. Mjomba wa mtoto, kaka yake mama yake, akasema hilo ni jukumu lake yeye mjomba, akaenda kununua dukani. Alinunua kwa mapenzi, lakini alinunua kwa pua. Chupa nzuri, inanukia kama bibi harusi, na ukipaka inang'aa. Mimi roho ikatulia kwa ule mng'ao.

Mtoto akawashwa. Macho yanachuruzika, mashavu yana vipele. Nikamwambia vumilia, ni dawa. Akavumilia, maana ni mtoto mtiifu. Akaenda kijitoni kuosha miguu, mimi nafua hapo pembeni. Nikaona juu ya maji umetanda utando wa rangi rangi, kama mafuta ya gari kwenye dimbwi, unatoka kwenye miguu yake unawaendea wale samaki. Akaitoa miguu haraka. Akasema, "Bibi, mimi inaniwasha huku nje. Wao wanaimeza."

Kuanzia hapo akagoma. Ukimshika kumpaka, anakaza mwili. Na bila mafuta nje hakutokeki. Basi nikamfungia ndani. Nilimweka kama mwali, pazia limeshushwa, chakula analetewa. Lakini mwali ana siku ya kutoka, anachezewa ngoma, watu wanamfurahia. Wangu huyu nilimwambia atatoka lini? Shule akaacha. Mchana anakaa kwenye kona anasikiliza wenzake wakipita. Nikimchokoza, mke mwenzangu, mume ameniambia hakutaki tena, ananijibu, "Sawa, bibi, mchukue." Ndugu zangu, neno lile lilinikata. Nilitoka nje nikalia nyuma ya migomba.

Siku ya kurudi kliniki ilipofika, tukateremka. Daktari akalikagua sikio, akafurahi, akamuuliza mtoto kama ana swali. Mtoto akasema, "Hakuna mafuta yanayotufaa mimi na samaki?"

Daktari alicheka, halafu akaacha kucheka. Akavuta kiti. Akauliza maji ya kijito chetu yanakwenda wapi. Nikasema yanateremka mpaka Ruvu. "Na Ruvu inaingia baharini," akasema. "Kwa hiyo unachopaka huko juu kina safari ndefu." Akatufundisha kuchagua. Tutafute yenye madini ya zinki, ambayo hukaa juu ya ngozi na kulirudisha jua. Isiwe na manukato, hayo ndiyo yaliyomwasha. Namba ya kinga iliyoandikwa kwenye chupa isiwe chini ya thelathini, na tarehe ya mwisho iwe haijapita. Hakutudanganya, alisema hakuna mafuta yanayopendwa na maji, ila haya ni nafuu kwa samaki kuliko mengine. Na nguo ikifunika sehemu kubwa, mafuta yatatumika kidogo. Tukampa kanga ya kujifutia mafuta kabla ya kuoga, na siku hizi anaogea beseni, maji tunamwaga kwenye migomba.

Mafuta tukapata. Lakini hapo, jamani, ndipo mtihani wangu mwenyewe ulipokuwa. Yale mafuta hayang'ai. Asubuhi ya kurudi shule nilimpaka, akawa na vumbi jeupe, amepauka kuliko mtoto yeyote Matombo. Nikamwangalia, nikawaza wale wanawake wa njiani. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kichupa cha nazi, nimpitishie kidogo tu juu yake, ang'ae.

Akaushika mkono wangu. Akasema, "Bibi, waache waseme nimepauka. Mimi nataka kutoka."

Nikakirudisha kile kichupa juu ya kabati. Tukatoka tumeshikana mikono. Njiani haikuchukua muda: "Bibi, mjukuu umempaka unga wa muhogo?" Nikawajibu, ndiyo, namkaanga jioni, karibuni. Wakacheka, tukapita. Sikio lake mpaka leo ni zima.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule daktari aliyekubali kujibu swali la mtoto. Namshukuru mwanangu mjomba, aliyeitupa ile chupa ya manukato bila kununa. Nanyi wa kikundi hiki cha wenye ualbino mnaotupitishia mafuta yakifika, Mungu awalipe. Neno langu kwenu ni hili: mafuta ya mwanao usiyachague kwa macho ya jirani. Yachague kwa ngozi ya mwanao, na ukumbuke na hao walioko chini kwenye maji, hawana duka la kwenda kulalamika.

Na uso huu je? Leo asubuhi nilimpaka, nikamaliza, akanichotea na mimi. Akasema mke mkubwa asiachwe. Siku hizi nyumba nzima tunapauka, hata mjomba mtu.

Mnamwona pale, turubai la pili, mwenye kofia pana. Kati ya turubai lile na hili kuna jua, na wiki zile zote za pazia ningempigia kelele asikanyage hapo. Mke mwenzangu, njoo wakuone. Pita hapo hapo juani, mama. Usikimbie.