Brandvold Anastaafu, Delmar Pruitt Bado Anangoja

Baada ya miaka thelathini na mitatu jeshini na minane katika Ikulu hii, Rais wetu, Jenerali Harlan Brandvold, anastaafu tarehe 20 Januari, saa sita kamili mchana. Sisi wapishi, mabawabu, wafagizi na wapiga pasi wa nyumba hii tumeombwa maneno machache ya kumuaga. Kura imeniangukia mimi wa pasi, labda kwa sababu ndimi ninayezijua suruali zake kuliko wote.

Mheshimiwa alizaliwa Nebraska, mtoto wa muuza matrekta. Aliingia chuo cha maofisa akiwa na miaka kumi na minane na, kwa maoni ya wengi wetu, hajatoka hadi leo. Wiki yake ya kwanza hapa alitaka tarumbeta ipigwe kabla ya kifungua kinywa. Ya pili, alikagua kucha za mtunza bustani. Pajama zake nilizipiga pasi mpaka mkunjo ukawa wembe, ingawa sijui ni adui gani aliyetazamiwa kuvamia kitandani. Mbwa wake, Biskuti, aliingia humu akiwa koplo na anaondoka akiwa meja. Hakuna mfanyakazi aliyepanda cheo kwa kasi hiyo, na wengi wetu hata hatukukojolea zulia.

Mafanikio yake yanajulikana. Aliahidi kupunguza majenerali, wakaongezeka. Aliahidi amani, akaipeleka kwa ndege za kivita. Lakini moyo wa huruma anao, asisingiziwe. Kila Sikukuu ya Shukrani, kwa desturi yetu, alimsamehe bata mzinga mmoja asichinjwe, mbele ya wapiga picha, na mara mbili machozi yalimlenga. Bata hao wako shambani Virginia, wamenenepa, na majina yao hayana doa.

Delmar Pruitt si bata. Ni kaka yake Verlene, mwoka mikate wetu, na alikuwa sajini katika kikosi cha Mheshimiwa. Ile nishani kubwa iliyo kifuani mwa Rais ilitolewa kwa kulilinda daraja moja huko ng'ambo, alipokuwa kanali. Alililinda akiwa maili tisa kutoka hapo. Alitoa amri ya kurudi nyuma, akawa wa kwanza kuitii. Delmar hakuitii. Majeruhi walikuwa bado ng'ambo ya mto, naye akabaki na bunduki yake mpaka wa mwisho akavushwa. Mmoja akavishwa nishani, mwingine akafukuzwa jeshini kwa fedheha kwa kukaidi amri. Wenzao wa kikosi walipoalikwa hapa kwa chakula, waliteremka jikoni mmoja mmoja kumshika mkono Verlene, na wote walisimulia hayohayo. Juu, mezani, walizungumzia hali ya hewa.

Sasa Delmar ana saratani ya mapafu, na daktari hadhani atauona mwezi wa Aprili. Anataka kitu kimoja tu, azikwe na wenzake katika makaburi ya askari. Aliyefukuzwa kwa fedheha hazikwi huko.

Jumatatu iliyopita Mheshimiwa aliteremka jikoni mwenyewe.

"Bi Verlene, usihangaike tena. Kaka yako nitamsamehe kabla sijaondoka."

"Umsamehe kosa gani, Mheshimiwa?" Verlene hakuacha kukanda unga.

"Si lile la darajani, mama! Yamepita hayo."

"Anayesamehewa ni bata mzinga. Delmar hana kosa. Mrudishie cheo chake, halafu useme ni nani aliyebaki pale."

"Wewe unajua unaniomba nini?"

"Najua. Mbona Biskuti unampa vyeo bila kuombwa?"

Mwosha sufuria alifunga bomba ili asikie vizuri. Mheshimiwa alikohoa, akasifu harufu ya mkate, akapanda ngazi. Kesho yake karatasi ya msamaha ililetwa, Verlene akairudisha. Nilimkemea: "Shika hiyohiyo, dada! Mwenye njaa hachagui." Akanijibu kwamba Delmar amesema heri azikwe nyuma ya gereji kuliko kuingia kwa mashujaa akiwa mkosaji aliyehurumiwa. Niliona haya, nikarudi kwenye pasi zangu.

Mheshimiwa, maneno haya yatakuwa kwenye sinia yako ya kifungua kinywa siku ya kuondoka. Mpaka saa sita mchana wewe bado ndiye Amiri Jeshi Mkuu, na kalamu tumekuwekea karibu na mayai.

Tunakushukuru kwa miaka minane na kwa kutufundisha kusimama wima. Tunakutakia safari njema, siha njema, wajukuu watiifu, na mwishowe, Mungu akikuchelewesha sana, pumziko jema pale ulipokwisha kujichagulia kaburi, kilimani, miongoni mwa askari. Mimi na Verlene tulikwenda kupatazama. Ubavuni pako pana nafasi moja.