Mungo Pitcairn, Aliyepima Baruti kwa Moto

Babu yetu Mungo Pitcairn alizaliwa tarehe 14 Machi 1612 hapa hapa Burntisland, mji wa bandari wa Uskoti, mtoto wa nne wa fundi mapipa. Mama yake alisema alilia mfululizo mpaka alipojua kuongea, na hapo ndiyo ikawa balaa zaidi.

Alisoma shule ya parokia mpaka 1626. Kilatini kilimshinda. Mwalimu akitaja mfalme yeyote wa zamani, Mungo anauliza, "Kwani ulimwona?" Akachapwa sana.

Mwaka 1635 aliajiriwa kukagua mizigo bandarini. Vita na mfalme ilipoanza 1639, ikatoka amri kwamba silaha na baruti kutoka nje zisitozwe ushuru. Ghafla mji mzima wakawa wauza silaha! Kuna mtu alileta masufuria akaapa ni kofia za askari. Kwa waleta baruti Babu alikuwa na mtindo wake: anawasha utambi, anausogeza kwenye pipa huku anawaangalia wenye mzigo. Wenye baruti walitimua mbio. Waliojaza mvinyo mapipani ili wakwepe ushuru walisimama tu.

Tarehe 9 Juni 1640 Grizel Sandilands, binti aliyerithi meli ya baba yake, alishusha mapipa kumi na mawili ya "baruti" kutoka Uholanzi. Mtaji wake wote ulikuwa humo, na ujanja wa Babu alishausikia. Kila utambi ukisogea, yeye na mabaharia wake wanarudi nyuma wakipiga mayowe. Mapipa kumi na moja yakapita. Kwenye la mwisho mabaharia walikimbia kweli. Grizel alimrukia Babu, akauzima utambi kwa kiganja.

"We kichaa! Hili ni la kweli!"

"Enhe," Babu akasema. "Na yale mengine?"

Mvinyo wote ukachukuliwa. Grizel akabaki na meli tupu na kiganja kilichoungua. Babu akawa anampelekea siagi ya kupaka, kila siku, mpaka akapata ujasiri wa kuposa.

"Umeninyang'anya mapipa kumi na moja, sasa unataka na mkono wenyewe?"

"Huo ushuru wake nalipa mimi."

Walifunga ndoa tarehe 3 Novemba 1640.

Kifua kilimwanza majira ya baridi ya 1670. Majirani aliowatoza ushuru miaka yote walimletea supu. Alifunua kila chungu na kukikagua kwanza. Alifariki asubuhi ya tarehe 22 Aprili 1671, Bibi akiwa pembeni yake.

Ameacha mke, watoto watano, na wajukuu kumi na tisa, ambao Bibi anasema ndiyo faida pekee aliyopata kwenye mzigo ule, na kwamba hajawahi kupata kubwa zaidi.

Lala kwa amani, Babu.