Mzee Polikarpo Ignas Likwembe na Mlango wa Bwawa la Lihomelo (1952–2025)

Mzee Polikarpo alizaliwa Lihomelo tarehe 26 Januari 1952, siku ya mtakatifu somo wake, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa marehemu mzee Ignas, mvuvi.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1964. Maji yalipokuwa yakipungua alichelewa darasani, maana alikuwa akizoa vifaranga vya samaki kwenye vidimbwi vinavyokauka na kuvirudisha bwawani kwa fulana yake. Alichapwa fimbo, na kesho yake akachelewa tena.

Baada ya kujenga reli Mlimba, 1971 hadi 1975, alirudi kuvua. Alijua kwamba kambale wa mtoni huingia bwawani na mafuriko kutaga, watoto wao hukulia kwenye majani na maji yaliyotulia, na mafuriko ya mwaka unaofuata huwatoa kwenda mtoni. Sisi wanakijiji tulishikilia kuwa wale wadogo wa bwawani ni aina nyingine, wasiokua kamwe, tukawavua kwa vyandarua bila haya.

Tarehe 12 Novemba 1977 alifunga ndoa na Levina. Ndiye aliyemsaidia mwaka 2016, mzee alipokata kwa wembe pezi la kulia la vifaranga mia mbili wa bwawani, awatambue wakishakua, kisha akawarudisha majini.

Desemba 2018 kijiji kilikutana kujadili kuziba kwa tuta mlango wa bwawa, pale maji ya mto yanapoingilia, ili palimwe mpunga. Mzee alifika na kambale wa mtoni mrefu kama mkono, hana pezi la kulia, kovu limepona siku nyingi. Mdogo wake Hermenegildi, mwenyekiti wa kamati ya wavuvi, hakumwangalia mara mbili.

"Kaka, pezi hilo umelikata asubuhi hii. Wapeni akina mama wampike, tule."

Alipikwa, akaliwa. Tuta likajengwa kwa siku mbili. Mzee alirudi nyumbani mikono mitupu, akamwambia mkewe, "Wamekula hata kichwa."

Mwaka wa tatu baada ya tuta, nyavu za mtoni zilianza kutoka tupu. Lawama wakabebeshwa wafugaji na ng'ombe wao, na hakuna aliyekuja kumwomba mzee radhi. Hilo lilimuuma, na sisi wanawe linatuuma hadi leo.

Agosti 2024 alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Alicheka kwa shida: "Sasa na mimi nimekatwa pezi. Mtanitambua?" Alifariki hospitalini Ifakara, Jumanne tarehe 11 Machi 2025.

Ameacha mjane, Mama Levina, watoto Serafina, aliyeandika wasifu huu, Fridolin na Beno, wajukuu saba, na mdogo wake Hermenegildi, aliyeketi hapa mbele. Samaki mtakaokula leo wametoka kwenye boksi la barafu. Mtusamehe, mtoni tumekosa.

Majembe yatakayomfukia tunayafahamu, ndiyo yaliyojenga tuta. Aliacha ombi moja, akalisema kwa ulimi mzito mbele ya Hermenegildi mwenyewe: majembe hayo yakitoka kaburini yasirudi nyumbani kabla ya kupita mlango wa bwawa. Ni hatua mia tatu kutoka hapa, na mto umeshaanza kujaa. Tukimaliza huko, ndipo tumwambie apumzike kwa amani.