Bakuli la Tambi

Pantoni ilipoondoka Pangani kwenda Bweni, Hasina alijifanya anatazama maji, kumbe masikio yote yalikuwa kwa wawili waliosimama kando yake. Kijana wa Ushongo alikuwa akimweleza bibi asiyemjua kwamba amepata kazi Dodoma yenye mshahara mnono, ila mkewe hataki kuhama na watoto wadogo. Mambo hayo mama yake mzazi labda hajayasikia bado.

"Nenda, mwanangu," alisema bibi. "Hata sisi tulihamia huko, na wanangu wakasoma. Ila Ramadhani ya kwanza nilimpelekea jirani bakuli la tambi za nazi. Alinishukuru sana, akalirudisha limeoshwa, linang'aa, halina kitu."

"Hata tende, mama?"

"Hata tende. Wala hakunikosea, kwao ndiyo adabu. Lakini nililia. Kwetu Tongoni bakuli likitoka na tambi hurudi na mihogo, na kesho linatoka tena."

Pantoni ikagusa ng'ambo. Kijana akampigia mkewe simu.

"Mama Jumana, lile bakuli la Bi Zeyana tumeshalirudisha?"

Hasina alitega sikio, lakini pikipiki zilikuwa zimeshawashwa.